Madoa sita kwenye picha moja: MRI ya mwili mzima kwa mtoto mwenye selimundu na saratani ya mfupa

Kisa hiki kimetoka katika hospitali moja ya rufaa jijini Dar es Salaam. Jina, umri kamili, mkoa na tarehe vimeondolewa au kubadilishwa. Mtoto tutamwita Shabani. Nimekiandika kwa ajili ya madaktari wa watoto, wa mifupa na wa radiolojia ambao wameanza kuandika "MRI ya mwili mzima" (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku) kwenye fomu ya kipimo, na kwa wauguzi, maana wao ndio hubaki na familia baada ya majibu kutoka.

## Usuli

Shabani alikuwa na umri wa kati ya miaka 10 na 12, akilelewa na bibi yake mzaa mama katika mkoa mmoja wa kusini. Aligundulika na selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu, kabla hajatimiza miaka miwili. Alikuwa ameongezewa damu mara nyingi utotoni, na alikuwa ameanzishiwa haidroksiurea, dawa ya kupunguza mashambulio ya ugonjwa huo.

Goti la kushoto lilianza kumuuma wakati wa masika. Kwa mtoto wa selimundu maumivu ya mguu si habari. Bibi alifanya alivyofundishwa kliniki: maji mengi, kumkanda, dawa ya maumivu, kumfunika asipate baridi. Maumivu yalipoingia wiki ya tatu na uvimbe ukajitokeza juu ya goti, kituo cha afya kikamtibu maambukizi ya mfupa. Nalo si kosa la kushangaza, kwa sababu watoto wa selimundu huambukizwa mifupa mara nyingi kuliko wenzao, hasa na bakteria wa salmonela. Antibaiotiki za sindano, kisha vidonge. Uvimbe ukapungua, ukarudi.

Daktari wa hospitali ya wilaya ndiye aliyeshtuka. Uvimbe ulikuwa mgumu, mtoto hakuwa na homa, na maumivu yalikuwa yanamwamsha usiku hata siku ambazo hana maumivu mahali pengine popote. Eksirei ilionyesha mfupa wa paja umeliwa sehemu ya chini, na mfupa mpya umechomoza nje ya gamba lake. Akapewa rufaa kuja Dar, wakafikia kwa mjomba wake Mbagala.

Kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe, kikachukuliwa kupimwa, jibu likawa osteosakoma, saratani ya mfupa. MRI ya goti ilikuwa imeshafanyika hospitali nyingine, wakaja nayo kwenye CD. Ilianza kidogo juu ya uvimbe na kuishia chini ya goti. Sehemu ya juu ya mfupa wa paja haikupigwa.

Swali lililobaki lilikuwa lile la kila osteosakoma: imesambaa? Saratani hii hukimbilia mapafu kwanza, halafu mifupa mingine. Utaratibu uliozoeleka ni CT ya kifua, yaani eksirei zinazounganishwa na kompyuta, pamoja na skani ya mifupa kwa teknishiamu, dawa yenye mionzi. Teknishiamu haikai stoo. Inakamuliwa kutoka kwenye jenereta yenye molibdeni, na molibdeni hiyo hupungua nusu kila baada ya saa 66, kwa hiyo jenereta huletwa kwa ndege mara kwa mara na mzigo ukichelewa foleni yote inasimama. Wakati wa Shabani mzigo ulikuwa umechelewa. Kikao cha pamoja cha saratani za watoto kikaamua tusisubiri, afanyiwe CT ya kifua na MRI ya mwili mzima.

## Yaliyotokea

MRI ya mwili mzima hutumia mashine ileile ya kawaida. Kitanda husogezwa kwa hatua, kichwa hadi miguu, kila hatua ikipigwa picha zake, kisha kompyuta inaziunganisha kuwa picha moja ndefu ya mtoto mzima. Kazi kubwa inafanywa na picha za aina ya STIR, ambazo huzima mng'ao wa mafuta ili maji yaonekane. Uvimbe mwingi wa saratani una maji mengi kuliko mafuta, hivyo hung'aa. Huongezwa picha za T1, ambazo mafuta huonekana meupe, na mara nyingi DWI, inayopima jinsi chembe za maji zinavyosogea ndani ya tishu. Hakuna mionzi. Lakini mtoto anatakiwa atulie karibu saa nzima ndani ya bomba lenye makelele.

Wengi wangemlaza kwa dawa ya usingizi. Timu ilikataa, na nadhani ilikataa vizuri. Dawa ya usingizi inataka mtoto afunge kula na kunywa, na mtoto wa selimundu akikaukiwa maji, akapungukiwa oksijeni au akapata baridi, seli zake nyekundu za damu huanza kujipinda umbo la mundu na kuziba mishipa. Tena chumba cha MRI kina kiyoyozi ambacho hakizimwi, kwa sababu mashine yenyewe inakitaka. Muuguzi akatumia asubuhi nzima kumzoesha: kulala chali chini ya meza akiwa amefunikwa shuka, huku simu ikipiga sauti ya mashine iliyorekodiwa. Alipoingia kipimoni alikuwa amekunywa chai, ana blanketi mbili na dripu.

Mlangoni kulikuwa na jambo moja. Mtekinolojia aliuliza kama mtoto ana chuma chochote mwilini, bibi akasema hana. Sumaku ndogo ya mkononi ilipopitishwa kiunoni ikavutwa. Shabani alikuwa amevaa hirizi ya ngozi iliyoshonwa na kitu ndani. Mtekinolojia, kijana, akamwinamia bibi: "Shikamoo bibi. Hii humu ndani haiwezi kuingia, itamuumiza. Wewe mwenyewe utaifungua au nikusaidie?" Bibi akaifungua mwenyewe, akaifunga kwenye pindo la khanga, akabaki nje. Hakuna aliyemkaripia, na hakuna aliyemuuliza ni ya nini. Nalitaja kwa sababu fomu nyingi za usalama wa MRI zinauliza kuhusu betri ya moyo na vipande vya risasi, ilhali kiunoni mwa watoto wetu kuna vitu ambavyo fomu haijavitaja.

Picha zilitoka safi. Zilionyesha madoa sita nje ya uvimbe wa goti: muundi wa kulia, mkono wa juu wa kulia, pingili mbili za uti wa mgongo, mfupa wa nyonga ya kulia, na sehemu ya juu ya paja lilelile la kushoto, karibu na kiungo cha nyonga. Ripoti ya awali ilisomeka hivi: madoa mengi ya mifupa, yanaendana na saratani iliyosambaa.

Kabla ripoti haijafika kwenye kikao, mtu mmoja alimwambia mjomba koridoni kuwa ugonjwa "umeshaenda mwili mzima". Nia haikuwa mbaya. Mjomba akampigia baba, ambaye alikuwa kazini mkoani. Siku iliyofuata baba akapiga simu wodini, ikawekwa sauti ya nje, akauliza swali ambalo lilituweka njia panda: "Daktari, kama imeshafika mgongoni na nyonga, mguu mnaukata wa nini? Si bora nije nimchukue akae na sisi?"

Swali lake lilikuwa sahihi kabisa. Osteosakoma iliyosambaa kwenye mifupa mingi haiponi kwa kukata mguu, na familia nyingi zikisikia hivyo hurudi nyumbani. Kama ripoti ile ilikuwa kweli, baba alikuwa ameshatoa uamuzi ambao na sisi tungeutoa.

## Uamuzi na sababu zake

Kikao kiliitishwa upya, na jambo la kwanza lililoonekana lilikuwa kwenye fomu. Iliandikwa: "Osteosakoma ya paja la kushoto. Tunatafuta kusambaa." Neno selimundu halikuwepo. Aliyesoma picha alikuwa ameambiwa atafute saratani, akaona madoa, akayaita saratani.

Picha yenyewe lakini ilikuwa imemwambia. Bandama ilikuwa ndogo mno kwa umri ule, imesinyaa na nyeusi, kama inavyokuwa kwa watoto wengi wa selimundu ambao mishipa yake imeziba mara kwa mara hadi ikafa. Ini nalo lilikuwa jeusi kuliko kawaida, dalili ya chuma kilichorundikana kutokana na damu alizoongezewa. Na pingili zile mbili zilikuwa zimebonyea katikati, juu na chini, umbo ambalo kila anayesoma eksirei za selimundu analijua.

Tukasoma doa moja moja.

Pingili ziliondolewa kwenye orodha kwa umbo lake, na eksirei ya zamani aliyokuja nayo bibi kwenye mfuko wa plastiki ilionyesha kubonyea kulekule miaka miwili kabla. Muundi na mkono wa juu vilikuwa na mpaka unaopindapinda wenye mistari miwili, mmoja mweupe na mmoja mweusi, na katikati yake mafuta ya uboho yamebaki. Huo ni mfupa uliokufa kwa kukosa damu. Saratani hula mafuta hayo, haiyaachi.

Nyonga ilitushinda. Doa lake halikuwa na mpaka wowote, liling'aa kwenye STIR na DWI, na kwenye T1 lilikuwa jeusi karibu sawa na msuli. Kwa mtoto mwingine kanuni ni rahisi kiasi: uboho mwekundu wa kawaida huwa mweupe kidogo kuliko msuli kwenye T1, na kilicho cheusi kuliko msuli kitiliwe shaka. Kwa selimundu kanuni hiyo inalegea. Mwili unaotengeneza damu usiku na mchana hujaza uboho mwekundu hadi mahali ambapo kwa umri huo ulipaswa kuwa umegeuka wa manjano, na uboho huo uliosongamana hufanana sana na uvimbe. Kuna picha nyingine zinazopima kama doa lina mafuta ndani yake kwa kulinganisha mng'ao katika nyakati mbili. Tulizipiga, lakini chuma huvuruga ulinganisho huo, na jibu halikuwa la kuaminika.

Doa la juu ya paja la kushoto lilikuwa kinyume chake. Lilikuwa na mpaka mkali, halina mafuta, limetenganishwa na uvimbe wa goti kwa mfupa usio na ugonjwa, na lilikuwa mahali ambapo MRI ya kwanza haikufika. Osteosakoma ina tabia ya kurukia sehemu nyingine ya mfupa uleule, na hili lilikuwa na sura hiyo.

Mzigo wa teknishiamu ulifika katikati ya mjadala, na skani ya mifupa ikafanyika. Iling'aa kwenye goti, juu ya paja, na kwenye nyonga. Wawili kati yetu wakasema basi, vipimo viwili vimekubaliana, nyonga ni saratani. Hapo ndipo kikao kilipokuwa kirefu. Hoja iliyoshinda ilikuwa hii: skani ya mifupa haioni saratani, inaona mfupa unaojijenga, na mfupa unaopona baada ya kufa nao hujijenga. MRI haioni saratani, inaona maji na mafuta. Vipimo vyote viwili vilikuwa vinatazama jinsi mfupa ulivyojibu, na selimundu peke yake ingeweza kuleta jibu hilo. Damu nayo haikutusaidia. LDH, kimeng'enya kinachovuja seli zinapoharibika, ilikuwa juu, na katika osteosakoma hiyo ni ishara mbaya, lakini seli nyekundu za selimundu zinapovunjika hupandisha LDH zenyewe.

Uamuzi ukawa kuchukua kinyama mahali pawili, nyonga ya kulia na juu ya paja la kushoto, kwa kuongozwa na CT. Daktari bingwa wa mifupa ndiye aliyechora njia ya sindano ya paja, ili ipite kwenye nyama itakayoondolewa baadaye na isipande seli mahali papya. Kwanza Shabani aliongezewa damu hadi himoglobini ikakaribia 10.

Uamuzi wa pili ulikuwa kumpigia baba siku hiyohiyo. Aliambiwa kwamba kuna mahali pawili ambapo hatujui, na kwamba majibu ya kinyama yakitoka ataitwa aje kukaa na timu ana kwa ana. Tulimwomba asimchukue mtoto kabla ya hapo. Akakubali kwa masharti: asiambiwe tena jambo lolote kupitia kwa shemeji yake.

## Matokeo

Nyonga: mfupa uliokufa na kupona, uboho mwekundu mwingi, hakuna seli za saratani. Juu ya paja: osteosakoma.

CT ya kifua ilionyesha kinundu kimoja cha milimita 4 kwenye pafu la kulia, chenye chokaa, ambacho MRI haikukiona kabisa. Kwa saratani nyingine chokaa ingetutuliza, tungesema ni kovu la kifua kikuu na kuendelea. Kwa osteosakoma haitulizi, kwa kuwa hii ni saratani inayotengeneza mfupa, na vinundu vyake vya mapafuni vinaweza kuwa na chokaa vilevile. Kikawekwa chini ya uangalizi.

Baba alikuja. Alikaa na daktari wa watoto, daktari wa mifupa, na bibi katikati. Aliambiwa kwamba ugonjwa uko kwenye paja moja, mahali pawili, na kwamba kwa sababu ya doa la juu mguu utatolewa kwenye kiungo cha nyonga, si juu ya goti kama ilivyotarajiwa. Ilikuwa habari ngumu kuliko ile ya mwanzo, ila hii ilikuwa na njia ya kuendelea mbele. Alitoka nje, akarudi baada ya swala ya alasiri, akatia saini.

Haidroksiurea ilisimamishwa, kipimo cha moyo kikafanyika, na Shabani akaanza dawa za saratani, sisplatini na doksorubisini, zikiambatana na maji mengi ya dripu, ambayo alikuwa anayahitaji kwa magonjwa yote mawili. Alipata krisisi moja, yaani shambulio la selimundu, wakati wa matibabu, akalazwa, akatoka. Upasuaji ulifanyika baada ya mizunguko ya mwanzo. Sehemu ya uvimbe iliyokufa kwa dawa ilikuwa chini ya 90%, kiwango ambacho hutumika kutenganisha mwitikio mzuri na usio mzuri, kwa hiyo hatari ya ugonjwa kurudi ni kubwa kuliko tulivyotamani. Akamaliza mizunguko iliyobaki.

Hadi ninapoandika, zaidi ya mwaka baada ya upasuaji, kinundu cha pafu hakijabadilika na doa la nyonga liko vilevile. Anatembea kwa magongo. Mguu wa bandia kwa aliyekatwa kwenye kiungo cha nyonga ni mzito na wengi huuacha, naye aliujaribu akauweka pembeni. Amerudi shule, darasa moja nyuma.

## Uchambuzi

Nianze na lililofanya kazi, kwa sababu ni rahisi kisa hiki kisomwe kama onyo dhidi ya MRI ya mwili mzima, na sicho. Bila kipimo hicho doa la juu ya paja lingeachwa. Mguu ungekatwa juu ya goti na saratani ingebaki kwenye kisiki. Inawezekana kusema kwamba MRI ya paja zima ingetosha kuliona, na ni kweli: kanuni ya osteosakoma ni kupiga mfupa mzima, kiungo hadi kiungo, na hilo halikufanyika mwanzoni. Mwili mzima ulifidia pengo la kipimo kidogo zaidi.

Upande wa mionzi hoja ina uzito wake. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa na The Lancet mwaka 2012 ulihusisha dozi za jumla za mionzi ya CT utotoni za kama mGy 50 na hatari ya leukemia (saratani ya damu) inayokaribia mara tatu, ingawa idadi halisi ya watoto waliougua ilikuwa ndogo sana. Mwaka 2014 kundi la Stanford lililinganisha MRI ya mwili mzima na PET/CT, skani inayotumia sukari yenye mionzi, kwa watoto na vijana wenye saratani, vipimo vikakaribiana kwa usahihi, huku PET/CT ikiwapa wastani wa mSv 12.5 za mionzi na MRI sifuri. Wengi hunukuu matokeo hayo bila kutaja kwamba wagonjwa wale walipewa ferumoksitoli, dawa ya chuma, ili uboho na mishipa vionekane vizuri. Kumpa hiyo mtoto ambaye ini lake limeshajaa chuma ni jambo ambalo sidhani kama kuna mtu angelitetea.

Nao utafiti mkubwa zaidi wa vituo vingi vya Marekani, ACRIN 6660, uliochapishwa 2013, haukuweza kuthibitisha kwamba MRI ya mwili mzima hailegei nyuma ya vipimo vya kawaida katika kutafuta kusambaa kwa watoto. Ilifanya vizuri zaidi kwa saratani zisizo za limfu. Kwa mapafu jibu liko wazi kuliko yote. Pafu ni hewa na linasogea, MRI huona kidogo, kinundu cha milimita 4 kinapita. Anayefuta CT ya kifua kwa osteosakoma kwa sababu ameagiza MRI ya mwili mzima amebadilisha mionzi kidogo kwa upofu.

Lililoshindwa lilikuwa fomu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu duniani, na vipimo hivi vilijaribiwa na kupewa kanuni zake katika nchi ambako mtoto wa aina hii ni nadra. Kwa hiyo kanuni za T1, za mafuta na za DWI zinazofundishwa haziwezi kuchukuliwa zilivyo na kutumika hapa. Fomu yetu sasa inauliza, kabla ya sababu ya kipimo: selimundu au la, ameongezewa damu mara ngapi, na je, amechomwa sindano za kupandisha seli nyeupe hivi karibuni, kwa sababu nazo huwasha uboho wote ukang'aa. Himoglobini ya siku hiyo pia inaandikwa. Mtekinolojia anaweza kurudisha fomu yenye nafasi tupu, na amerudisha kadhaa, pamoja na ya bingwa mmoja aliyekasirika.

Ripoti nazo zimebadilika. Doa ambalo lingembadilishia mtoto hatua ya ugonjwa haliitwi "kusambaa" hadi kikao kilione, na pale linapoamua kati ya kutibu na kuacha, kinyama kinachukuliwa kama kinafikika. Wengine wanaona hii inachelewesha. Kwa Shabani ilichelewesha dawa kwa siku chache, na nadhani siku hizo zililipa, lakini kwa limfoma ya Burkitt, saratani ya tezi za limfu inayokua kila saa, singekubali kusubiri hivyo.

Lile la koridoni hatujalimaliza. Tumekubaliana nani anazungumza na familia, ila wodi imejaa, ndugu wanauliza kila anayevaa koti jeupe, na mtu huona vibaya kunyamaza.

Kwa ufuatiliaji hatumfanyii Shabani MRI ya mwili mzima kila mara. Kila moja ingeleta madoa mapya ya selimundu na sindano mpya. Anapigwa kifua kwa ratiba, na MRI ya nyonga na kisiki pale tu panapokuwa na sababu. Bibi ana namba ya wodi, na ameambiwa maumivu ya mfupa yanayomwamsha usiku mahali palepale kwa zaidi ya wiki asiyasubirie kwa maji na kukanda. Kadi yake ya kliniki ya selimundu imeandikwa osteosakoma kwa wino mwekundu kwenye jalada, kwa sababu kliniki hizo mbili hazitumii faili moja.